Kila brauza inadanganya, na sisi ndio tuliifunza

Juzi cuzo wangu alikuja kwangu jioni akiwa amekasirika. Alikuwa anajaza fomu ya basari kwa simu, siku ya mwisho, saa mbili zimebaki. Tovuti ikamwambia: tafadhali tumia kompyuta. Hana kompyuta. Cyber ya mtaani ilikuwa imefungwa. Nikachukua simu yake, nikaguza vile vidoti vitatu juu pembeni, nikaweka tiki kwa “Desktop site”, nikarudisha ukurasa. Fomu ikafunguka. Simu ni ile ile, bando ni lile lile, kioo ni kile kile chenye ufa. Akajaza, akatuma, akaniangalia kama mganga.

Sikufanya uganga wowote, wasee. Nilichofanya ni kuiambia simu idanganye. Simu ikaambia seva, “Mimi ni kompyuta ya mezani.” Seva ikasema sawa, karibu.

Sasa swali lililoninyima usingizi ni hili: kama fomu inaweza kufunguka na kujazwa vizuri kwa simu, nani aliamua kwamba simu isiingie? Na kama mlango unafunguka kwa uongo mdogo hivyo, ule mlango ulikuwa unalinda nini?

Nikaanza kuchimba. Nikapata historia ya miaka zaidi ya thelathini, na ni ya kuchekesha mpaka ufike mwisho wake.

Soja wa geti

Kwanza tuelewane. Kila mara brauza yako inapoomba ukurasa, inatuma pia mistari michache ya kujieleza. Mmoja unaitwa User-Agent. Ni kama jina unaloandika kwa kile kitabu cha soja kwa geti la estate. Soja ni seva. Anasoma jina, anaamua kama utaingia, na utaonyeshwa nini ukiingia.

Na sote tunajua vile kitabu cha geti hufanya kazi. Ukifika kwa miguu useme ukweli, “Nimekuja tu kuangalia nyumba ya kupanga,” utasimama hapo mpaka jua likuchome. Ukisema “Naenda kwa Mama Brian, blok C,” unapita. Mama Brian anaweza kuwa hayuko. Hata blok C inaweza kuwa haiko. Kila mtu akishajua jibu linalofungua geti, kitabu kinajaa wageni wa Mama Brian.

Hicho ndicho kilichofanyika kwa intaneti yote. Cheki vile Chrome 131 ya simu ya Android ilivyojiandika:

Mozilla/5.0 (Linux; Android 10; K) AppleWebKit/537.36 (KHTML, like Gecko) Chrome/131.0.0.0 Mobile Safari/537.36

Hesabu uongo uliomo humo. Si Mozilla. Haiendeshwi na AppleWebKit. Google walijitenga na injini hiyo mwaka wa 2013 wakatengeneza yao, Blink. Si KHTML. Si Gecko. Si Safari. Hata hiyo “Android 10” si lazima iwe kweli, na “K” si jina la simu yako: siku hizi Chrome huandika hivyo hivyo kwa simu zote ili watu wasifuatwe kwa aina ya simu. Ukweli umebaki kwa maneno mawili matatu tu. Kila uongo hapo una siku yake ya kuzaliwa.

Mosaic na muuaji wake

Mwaka wa 1993, pale Chuo Kikuu cha Illinois huko Marekani, kwenye kituo kinachoitwa NCSA, Marc Andreessen na Eric Bina walitoa brauza iliyoitwa Mosaic. Haikuwa ya kwanza duniani, lakini ndiyo iliyofanya watu wa kawaida waipende wavuti, kwa sababu ilionyesha picha ndani ya ukurasa pamoja na maandishi. Ilijitambulisha bila maneno mengi: NCSA_Mosaic, halafu nambari ya toleo. Jina na umri, basi.

Wakati huo mstari wa User-Agent haukuwa na ubaya. Ulikuwa wa takwimu, wa kutafuta brauza yenye kasoro, na wa kusaidia seva kukwepa udhaifu wa brauza fulani. Yaani ulikuwa wa kumsaidia mgeni.

Mwaka wa 1994 Andreessen akaenda California, akaanzisha kampuni na Jim Clark, wakatoa Netscape. Ndani ya kampuni brauza yao ilikuwa na jina la utani: Mozilla, yaani muuaji wa Mosaic, jina lililochanganywa na lile dubwana Godzilla. Kwa wateja iliitwa Netscape, lakini kwa kitabu cha geti iliandika Mozilla.

Netscape 2 ikaja na kitu kipya, fremu, yaani kugawa ukurasa mmoja vipande kadhaa. Mosaic haikuwa nayo. Wenye tovuti wakaona ni rahisi: soma jina kwa kitabu, kama ni Mozilla mpe ukurasa mzuri, kama si Mozilla mpe ule wa zamani. Hapo ndipo kosa la kwanza lilifanyika, na lilifanywa na watu wenye nia njema. Waliuliza “wewe ni nani?” badala ya kuuliza “unaweza fremu?”

Microsoft wakaingia mwaka wa 1995 na Internet Explorer. Sasa jiweke kwa viatu vyao. Hata ukijenga brauza inayoweza mambo yote ya Netscape, ukisema jina lako la kweli, kila soja anakupa ukurasa wa kizamani. Utangoja wenye tovuti wote duniani wabadilishe kodi? Hawakungoja. Toleo la 2 likaandika: Mozilla/1.22 (compatible; MSIE 2.0; Windows 95). Kwa Kiswahili cha mtaa: “Mimi ni Mozilla. Kwa mabano, si Mozilla, lakini tunafanana.”

Soja akasoma neno la kwanza, akafungua.

Uongo juu ya uongo

Kutoka hapo kila mtu akafuata njia hiyo. Netscape ilipigwa vibaya na Explorer, na mwaka wa 1998 kodi yake ikafunguliwa kwa umma. Kutoka kwa mradi huo wa Mozilla ikaja injini mpya, Gecko, na mwishowe Firefox. Gecko ilikuwa nzuri, kwa hivyo wenye tovuti wakaanza kuandika kanuni mpya: kama ni Gecko, mpe vitu vizuri.

Huku kando, watu wa KDE wanaotengeneza programu za Linux walikuwa na brauza yao, Konqueror, na injini yao, KHTML. Walikuwa wazuri pia, lakini nani anawajua? Wakaandika: KHTML, like Gecko. Yaani kama Gecko. Januari 2003 Apple wakatoa Safari, iliyojengwa juu ya KHTML, wakabeba maneno yote hayo na kuongeza AppleWebKit na Safari. Septemba 2008 Google wakatoa Chrome, iliyotumia WebKit, na hawakutaka kukosa kurasa zilizotengenezewa Safari. Wakabeba mzigo wote wakaweka jina lao katikati.

Na sasa kipande ninachokipenda. Mwaka wa 2013 Internet Explorer toleo la 11 lilitoka. Kwa miaka mingi wenye tovuti walikuwa wameandika kanuni za kuikwepa Explorer: ukiona MSIE, mpe ukurasa wa shida. Kwa hivyo Microsoft wakafuta neno MSIE kwa mstari wao, wakaandika “like Gecko”. Yule aliyekuwa tajiri wa mtaa alijificha nyuma ya jina la mtoto wa Netscape, kampuni aliyoiua. Edge ya kwanza, mwaka wa 2015, ikajiita Mozilla, AppleWebKit, Chrome na Safari kabla ya kufika kwa jina lake mwenyewe.

Aliyesema ukweli

Kulikuwa na brauza moja iliyolipia jina lake: Opera, kutoka Norway.

Januari 2003 Opera toleo la 7 lilikuwa jipya. Watu walioingia nayo kwa tovuti ya MSN ya Microsoft waliona maandishi yamesukumwa kando, yamekatika. Mtu wa kawaida angesema nini? “Opera ni mbovu.” Ndivyo wengi wangeamini.

Lakini wahandisi wa Opera walifanya kitu ambacho nataka kila mtu anayejifunza kodi akikumbuke. Walipima. Waliangalia MSN inatuma nini kwa Explorer na inatuma nini kwa Opera. Wakapata kwamba Opera inapewa faili ya CSS tofauti, na ndani yake kuna amri inayosukuma vitu pikseli 30 kushoto. Halafu wakafanya jaribio rahisi kabisa: waliacha brauza ile ile, wakabadilisha jina tu. Badala ya “Opera” wakaandika “Oprah”, kama yule mama wa televisheni. Seva haikumpa Oprah ile faili mbovu.

Hilo ni jaribio safi kuliko mengi niliyofunzwa shuleni. Badilisha kitu kimoja tu, acha vingine vyote. Kama matokeo yamebadilika, umempata mhusika. Brauza haikuwa na shida. Jina ndilo lililokuwa na shida.

Opera walijibu kwa mchezo. Mwezi wa Februari walitoa toleo maalum ambalo lilifanya kazi sawa kila mahali, isipokuwa kwa MSN, ambako liligeuza maandishi kuwa porojo za yule mpishi Mswidi wa Muppets. Watu walicheka, lakini ujumbe ulifika.

Je, ukweli ulishinda? Hapana. Mwaka wa 2009 Opera walifika toleo la 10, brauza kubwa ya kwanza kuwa na tarakimu mbili. Tovuti kibao zilikuwa zinasoma tarakimu ya kwanza peke yake. Zikaona 1. Zikasema, hii ni ya zamani sana, rudi. Opera wakalazimika kuandika Opera/9.80, halafu toleo la kweli wakalificha mwisho wa mstari. Na mwaka wa 2019 Jon von Tetzchner, mmoja wa walioanzisha Opera, ambaye sasa ana brauza nyingine iitwayo Vivaldi, alikata tamaa kabisa: Vivaldi ikaanza kujiita Chrome karibu kila mahali.

Tulikuwa huko pia

Usidhani hii ni hadithi ya wazungu peke yao. Uliza kaka au dada yako mkubwa kuhusu Opera Mini. Ilitolewa duniani kote Januari 2006, na kwa wengi hapa Kenya ndiyo iliyokuwa intaneti yenyewe, kwa kile kisimu cha vibonyezo chenye programu za Java.

Siri yake ilikuwa hivi. Kisimu hakikuwa na nguvu ya kufungua ukurasa mzima. Kwa hivyo ombi lilienda kwa seva za Opera, seva zikachukua ukurasa, zikaukamua hadi asilimia 90, kisha zikatuma kile kidogo kilichobaki. Mtu wa bando la mbao angeweza kusoma habari.

Sasa fikiria uko upande wa tovuti. Ombi linakuja kutoka kompyuta kubwa ya Opera, si kutoka kwa simu. Jina la simu ya kweli lilikuwa limewekwa kwa mstari wa pembeni, X-OperaMini-Phone-UA, ambao tovuti nyingi hazikuwa na habari nao. Kwa hivyo yule anayebagua kwa jina alikuwa anabagua bila kujua ni nani hasa amesimama nyuma. Kila aliyeandika “brauza yako haitumiki hapa” alifungia nje watu ambao hawakuwa na brauza nyingine. Hawakuwa wakaidi wa kukataa kusasisha. Hiyo ndiyo simu waliyokuwa nayo.

Soja akawekwa kwa mashine

Siku hizi hakuna anayeandika tovuti kuanzia sifuri. Tunatumia fremuweki, yaani mifupa iliyotengenezwa tayari, wewe unaweka nyama. Hii inamaanisha uamuzi wa soja mmoja unaweza kunakiliwa kwa maelfu ya mageti kwa siku moja.

Mfano mzuri ni Ruby on Rails, ambayo David Heinemeier Hansson aliitoa mwaka wa 2004. Rails iligongana na suala hili mapema, kupitia mstari mwingine unaoitwa Accept, ambapo mgeni anasema anataka jibu la aina gani. Wazo lilikuwa zuri: programu ikiomba XML mpe XML, mtu akiomba ukurasa mpe HTML. Tatizo, brauza hazikuwa zinajaza mstari huo kwa makini. Explorer ilikuwa inataja picha kadhaa halafu inamaliza na nyota mbili, maana yake “lete chochote”, bila kutaja HTML. Safari na Chrome za wakati huo zilisema zinapenda XML kuliko HTML. Ukiwaamini, binadamu anafungua ukurasa anapata kodi tupu. Kwa hivyo Rails ikaweka kanuni ya kukisia: ukiona orodha yenye koma pamoja na zile nyota, huyo anaonekana ni brauza, mpe HTML.

Angalia vile hali imebadilika hapo. Fremuweki haimwamini tena mgeni anachosema. Inaangalia anavyoongea, inakisia yeye ni nani. Na kukisia kunahitaji kupimwa.

Halafu Agosti 2024 Rails 7.2 ikaja na kitu kinachoitwa allow_browser. Programu mpya ukiianzisha, unakuta mstari tayari umeandikwa: ruhusu brauza za kisasa tu. Kisasa maana yake Safari 17.2, Chrome 120, Firefox 121, Opera 106 kwenda juu. Internet Explorer hapana kabisa. Ukiwa chini ya hapo unapewa jibu namba 406 na ukurasa wa kukuambia brauza yako haifai.

Nitawatendea haki. Sababu zipo. Kubeba brauza za zamani ni kazi ngumu, na programu ndogo yenye mtu mmoja haiwezi kushika kila kitu. Mstari huo unaweza kuufuta kwa sekunde mbili. Lakini hebu tuingize simu za watu halisi.

Chrome 120 ilitoka Desemba 2023. Hiyo ndiyo Chrome ya kwanza iliyokataa kuingia kwa Android 7. Simu ya Android 7 itabaki na Chrome 119 milele. Iko nyuma ya mstari kwa nambari moja. Upande wa iPhone, Safari husasishwa pamoja na mfumo wa simu, na iPhone 8 na iPhone X ziliachwa kwa iOS 16. Hazitawahi kuona Safari 17. Simu iliyokuwa ya bei ghali kabisa dukani mwaka wa 2017, na ambayo leo inauzwa mkono wa pili kule mjini, iko nje ya geti.

Na hapa ndipo unacheka ili usilie: kanuni hiyo inazuia brauza inayotajwa kwa orodha ikiwa toleo lake ni la chini. Brauza isiyo kwa orodha inapita. Anayekuja bila jina kabisa anapita pia. Kwa hivyo mama mwenye Android 7 anayesema ukweli, “Mimi ni Chrome 119,” anafukuzwa, lakini programu isiyojitaja jina inakaribishwa ndani. Miaka thelathini baadaye, bado tunaadhibu ukweli.

Test zangu zote zilikuwa kijani

Kabla uniulize mimi ni nani wa kuhukumu, ngoja nikiri.

Mwaka jana nilijengea chama cha mamangu tovuti ndogo: nani amelipa, nani zamu yake, mkutano ni lini. Nikasoma ushauri kwamba uzuie brauza za zamani, nikaandika kanuni yangu mwenyewe ya kusoma User-Agent. Nikaandika na test, kwa sababu nilikuwa najiona fundi. Test zote zikapita. Kijani kote.

Jumapili ya kwanza mama watatu kati ya kumi na mbili hawakuweza kuingia. Mmoja wao ndiye mweka hazina.

Nilipoangalia vizuri nikaona ujinga wangu. Test zangu hazikuwa zinajitambulisha kama brauza yoyote. Zilikuwa zinapiga hodi bila jina, na kanuni yangu ilikuwa inaruhusu wasio na jina. Nilikuwa nimepima kama mlango unafunguka kwa mzuka. Sikuwa nimepima hata simu moja ya mtu wa chama.

Basi nikaandika upya, na nawapa orodha bure. Weka kwa test yako mistari halisi ya User-Agent, usiitunge. Weka Chrome na Edge pamoja, kwa sababu Edge ina neno Chrome ndani yake, na Chrome ina neno Safari ndani yake, ukiuliza “kuna Safari?” kwanza, wote watakuwa Safari. Weka Opera ya sasa, ambayo huandika OPR mwishoni, si Opera. Weka toleo lenye tarakimu tatu. Chrome na Firefox zilipokaribia toleo la 100 mwaka wa 2022, kampuni zote mbili zilifanya majaribio mapema, kwa kuogopa tovuti zitakazosoma tarakimu mbili na kuona 10. Waliikumbuka shida ya Opera. Weka pia mgeni asiye na jina, na roboti ya Google, la sivyo utajifuta mwenyewe kwa utafutaji. Halafu lililo muhimu kuliko yote: weka simu za watu watakaoitumia. Niliomba kila mama wa chama afungue ukurasa mmoja uliorekodi mstari wake. Mistari kumi na mbili. Hiyo ndiyo ikawa test yangu.

Na unajua nilifanya nini baada ya kupima? Nilifuta kanuni yote. Ile tovuti ni jedwali na kitufe. Hakuna kitu ndani yake ambacho simu ya mwaka wa 2016 haiwezi. Nilikuwa nimeweka soja kwa shamba lisilo na mahindi.

Uliza swali linalofaa

Wenye akili walishaliona hili kitambo. Mwaka wa 2009 ilitoka maktaba ya JavaScript iitwayo Modernizr. Yeye haulizi wewe ni nani. Anajaribu kitu, anaona kama kimefanya kazi, anaamua. Leo CSS yenyewe ina @supports: kama unaweza hiki, fanya hivi, kama huwezi, endelea na kile cha kawaida. Mwenye simu ya zamani anakosa kivuli kizuri cha kitufe, lakini kitufe kipo na pesa inatumwa.

Hata Google wameanza kuleta mistari mipya ya kujitambulisha badala ya User-Agent, na ndani yake wanaweka kwa makusudi jina moja la brauza ambayo haipo, jina la upuuzi. Kwa nini? Ili wenye tovuti wazoee kukutana na jina wasilolijua bila kumfungia nje. Fikiria hapo tumefika: tunatia uongo kwa kitabu kimakusudi ili kumfundisha soja adabu.

Mimi sisemi usijue kamwe ni brauza gani. Kuna siku brauza fulani ina kasoro na lazima uikwepe. Na benki ina haki ya kuogopa programu iliyo na mashimo ya usalama. Ninachosema ni kwamba ukiamua kuweka soja, mpime soja. Usipime kama anafungulia mgeni wa gari kubwa. Huyo daima anafunguliwa. Pima anavyomtendea anayekuja kwa miguu akisema jina lake la kweli.

Cuzo wangu alipata ujumbe kwamba fomu imepokelewa. Kwa rekodi za ile tovuti, imejazwa na mtu aliyekuwa amekaa mbele ya kompyuta ya Linux mezani. Alikuwa amekaa kwa kitanda changu, simu imechomekwa kwa chaja, asilimia nne.